Picha ya Tano

Mimi ndiye niliyepiga zile picha.
Mwaka wa sita huu. Kila mwalimu mpya akikaribia
Mkurugenzi Pyo hunipa ufunguo na kusema,
"Kapige. Lakini upige vizuri."

Kupiga vizuri maana yake naijua:
saa nne asubuhi, kabla jua halijajificha
nyuma ya ghala la vitunguu saumu,
mgongo wangu umebanwa na mlango wa choo
ili chumba kipate upana ambao hakina.

Ukuta wa kaskazini haumo. Nilijifunza kuuruka.
Kila Septemba tunaubandika karatasi mpya ya maua,
na kila Februari kuvu nyeusi huchanua juu yake,
maua ya kweli juu ya maua ya dukani.

Picha ya kwanza, kitanda.
Ya pili, dirisha, pazia limefungwa,
maana ukilifungua unakutana na tofali la jirani,
ukinyoosha mkono unaligusa.
Ya tatu, jiko, vichomeo viwili; kimoja hakiwaki.
Ya nne, ua la plastiki mezani.
Ua ni langu. Huja nalo mkobani, hurudi nalo nyumbani.

Wengi hawaulizi. Huuliza mshahara,
huuliza tiketi ya ndege, huuliza kama theluji huanguka,
kisha hutia sahihi.
Hufika Uiseong usiku na masanduku mawili
na mimi ndiye huwafungulia,
mimi ndiye huziona nyuso zao zikipiga hesabu.

Declan alilala na koti miezi mitatu, hakusema neno.
Siku ya kuondoka aliniachia sufuria yake
na karatasi ya makato ya amana, aitafsiriwe.
Nikamsomea: *uharibifu wa karatasi ya ukutani.*
Akacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka.
Nimekuwa nikiwauzia mbuzi kwenye gunia,
na gunia nalishona mwenyewe.

Jana imekuja barua ya Ailsa Drummond, wa Uskochi.
Mshahara hakuutaja.
Ameuliza choo kiko ndani, au mnachangia na nani?
Sakafu hupashwa moto kwa gesi au kwa umeme,
na bili ya Januari iliyopita ilikuwa kiasi gani?
*Niandikieni tarakimu, msiniandikie "nafuu".*
Dirisha linafunguka?
Amana anaishika nani, na hukatwa kwa kosa lipi?
Nikiikataa nyumba hiyo, mtanipa posho nipange yangu?
Na chini kabisa, mstari wa peke yake:
*Nani alilala humo kabla yangu? Naomba nizungumze naye.*

Mkurugenzi alipiga meza kwa kicheko.
"Huyu anakuja kufundisha au kununua jengo?
Mtumie zile nne."

Jioni nimekwenda na ufunguo, bila ua.
Nimevua viatu, nimekaa sakafuni.
Miaka sita, na sikuwahi kukaa humo.
Baridi ilinipanda magotini, kiunoni,
ikaanza kuzungumza na meno yangu.
Ghorofa ya juu mtu alivuta maji
na chumba kizima kikaitikia.

Nimefungua pazia. Nimeligusa tofali.
Kwenye droo nimekuta bili ya Januari:
won laki mbili na elfu kumi na nne.
Nimeipiga picha, pembe zake zote.
Anwani ya Declan ninayo bado;
aliiandika chini ya ile sufuria, kwa kalamu ya rangi,
na kila nikipika wali naisugua pembeni isifutike.

Kisha nimesimama katikati ya chumba,
mahali ambapo mtu angesimama kama angeishi hapo,
nikaugeukia ukuta wa kaskazini.

Taa ilikuwa nyuma yangu.
Picha ya tano ina kuvu, ina maua,
na kivuli cha mwanamke ameinua simu.
Sikukikata.